Samaki Alipanda Ndege, Shemeji Akabaki

Mhariri, nakuomba ulifiche jina langu. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Kilwa, sijaoa. Nilisoma mpaka darasa la nane, na kwa Kiingereza changu hicho nikapata ukarani wa kiwanja cha ndege cha hapa Masoko. Wa hapa watakaonitambua, nawaomba wanyamaze kidogo, wanipe nafasi ya kusema mwenyewe.

Kiwanja chenyewe ni majani yaliyofyekwa, banda la mabati, picha ya Malkia na mizani ya kupimia magunia. Ndege ni ndogo, huja Jumatatu na Alhamisi ikileta wageni wanaovuka kwenda visiwani kutazama magofu na kuvua samaki kwa starehe zao. Kazi yangu ni kupima kila kinachopanda, mtu na mzigo, na kumsomea rubani ratili zake, maana uzito ukizidi ndege hairuki.

Jumatatu moja ya masika mgeni mmoja, bwana mnene mwenye sauti kubwa, alileta nduwaro, yule samaki mwenye pua kama upanga, aliyemvua tangu Jumamosi. Alikuwa amemfunga kwenye magunia mabichi. Akaniambia kwa furaha kwamba anampeleka Dar es Salaam akakaushwe, ajazwe pamba, atundikwe ukutani kwake. Wallahi nilidhani sijasikia vizuri. Samaki wa kulisha mtaa mzima, atundikwe! Na alikuwa ameshaanza kuoza. Maji yake yalitiririka kwenye mizani, nzi wamemjaa, harufu inakaba roho. Ratili mia moja na thelathini.

Kabla sijapangusa mizani wakafika watu wanne wamebeba kitanda. Juu yake yupo shemeji yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, uchungu wa siku mbili na mtoto hatoki. Kaka yuko kwenye mashamba ya mkonge upande wa Lindi. Dresa, mganga msaidizi wa zahanati, alikuwa ameandika cheti kwa Kiingereza kwamba apelekwe hospitali kubwa kwa ndege ya siku ileile, kwa kuwa barabara ilikuwa matope matupu. Wabebaji wakamweka kwenye mizani, juu ya yale maji ya samaki, wakanikabidhi cheti, kisha wao na mama yangu wakarudishwa nyuma ya kamba, hatua kama hamsini. Ndiyo sheria ya kiwanja. Shemeji, ukiondoa kitanda, alikuwa ratili mia na kumi na nane, na mimba yake ndani.

Rubani akapiga hesabu, akasema nafasi ni ya kimoja tu, mgonjwa au samaki. Yule bwana akawa mwekundu. "Samaki hawezi kungoja mpaka Alhamisi," akasema. "Ataharibika."

Rubani, kijana mpole, akanigeukia mimi. "Na yule mama, anaweza kungoja?"

Hapakuwa na mtu wetu mwingine aliyeelewa swali lile. Cheti nilikuwa nimekitia mfukoni. Na yule bwana asubuhi ile alikuwa ameniahidi kazi ya ofisini kwenye uwanja mkubwa wa Dar es Salaam, sasa ananikazia macho. Nikajibu, "Anaweza, bwana."

Shemeji hakujua Kiingereza, ila aliona samaki anabebwa. Akanishika mkono wa shati. "Shemeji, usiniache hapa." Nikamfungua vidole kimoja kimoja, na shati likachanika.

Nikaenda kwenye kamba nikamwambia mama, "Ameogopa ndege. Amekataa kupanda." Mama alikuwa ameona kwa mbali vile tunavyovutana, akaamini. Likatafutwa lori, nalo likazama matopeni kabla ya kufika Nangurukuru. Mtoto akazaliwa humo ndani, maiti. Wa kiume.

Tangu siku ile samaki hapiti kooni mwangu. Nikisikia harufu yake natapika. Mama hunitania mbele ya watu, "Mtu wa Kilwa hali samaki, una mimba changa wewe?" Watu wanacheka. Najiona mchafu, ndugu zangu, na nikiikumbuka ile "Anaweza, bwana" yangu, tamu kabisa, ya adabu, nachefukwa na nafsi yangu kuliko nilivyochefukwa na yule samaki.

Nyumbani shemeji amekuwa si mtu. Mama hamwiti jina, anamwita "mwoga". Kaka ameandika kwamba hawezi kuishi na mwanamke aliyemuua mwanawe kwa kuogopa ndege, na mwisho wa mwezi anakuja kutoa talaka. Barua yangu ya kazi nayo imefika. Natakiwa Dar es Salaam Alhamisi ya kwanza baada ya hapo, na nauli ni ya ndege.

Juzi shemeji alikuja chumbani kwangu. Alikaa chini, akaniuliza taratibu, "Shemeji, mimi siku ile homa ilinichukua, sikumbuki kitu. Kweli nilikataa?"

Nikasema, "Ndiyo."

"Basi nisamehe. Nimekuaibisha mbele ya wakubwa zako." Akaomba lile shati lililochanika, akalishona palepale, ili nisafiri nalo. Alipomaliza akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa, akanipa kwa mikono miwili. "Karatasi yako hii, shemeji. Isije ikapotea."

Kilikuwa kile cheti cha dresa. Yeye hajui kusoma.

Nikisema, nimempoteza kaka, mama na kazi. Nikinyamaza, yeye anarudishwa kwao Kinjumbi na jina la muuaji wa mwanawe. Msinionee huruma, sikuandika kwa ajili hiyo. Nishaurini tu, wasomaji wenzangu, nifanye nini?