Wekoye Alihesabu Vitanda

Ukilala Bungoma mjini na kitanda kisilie hata ukijigeuza kama chapati, mshukuru Wekoye. Kibanda chake kiko nyuma ya soko, upande wa reli, na anayekitafuta huambiwa afuate harufu ya vanishi na sauti ya mtu anayejisifu. Vitanda vya bweni, vya maharusi, vya wagonjwa, vyote vimepita mkononi mwake. Akikutazama mara moja anajua urefu wako bila futi kamba. "Mimi," husema, penseli sikioni, "nimelaza watu wengi kuliko chang'aa."

Na ni kweli, usicheke. Lakini mganga hajigangi.

Mwanawe Derrick alitahiriwa Agosti iliyopita. Alisimama mbele ya kisu kama nguzo ya stima, hata kope hakupepesa, na Wekoye akatembea na sifa hiyo soko zima mpaka wauza omena wakamwomba apumzike. Sasa, kijana wa Kibukusu akishatahiriwa, nyumba ya mamake si pa kulala tena. Baba humjengea kijumba chake, simba, chenye mlango wake mwenyewe. Wekoye alijua. Nani asiyejua? Akasema, "Kesho." Kesho ikaja na oda ya vitanda vya shule. Akasema, "Wiki ijayo." Wiki ijayo ikaja na maharusi wawili waliotaka kitanda chenye maua kichwani. Derrick akawa analala kwa rafiki, kisha kwa baba yake mdogo kule Matulo, na nyumbani akawa anapita tu kama mtu wa kusoma mita.

Habari mbaya ililetwa na Mary Ann, dada mdogo wa Derrick, ambaye ndiye redio ya nyumba ile.

"Baba, Derrick anaacha shule. Kuna mnunuzi wa mahindi pale Moi's Bridge amempatia kazi ya kupakia magunia. Na chumba nyuma ya stoo."

"Chumba gani?"

"Chake. Ati kiko na kufuli."

Wekoye akacheka, lakini randa ilimponyoka ikaanguka chini. Dinah, mkewe, aliyekaa mlangoni pa kibanda, hakucheka. Aliendelea kuchambua mboga, akasema polepole, "Baba Derrick, ukipoteza huyu mtoto, hivyo vitanda vyako utalalia peke yako."

Nafasi moja ilibaki. Roselyne, mdogo wake Dinah, alikuwa anaolewa Kitale Jumamosi, na Derrick alikubali kuja kwa heshima ya mama yake mdogo. Baada ya harusi angepanda gari la Moi's Bridge moja kwa moja. Wekoye akaona Mungu amempa usiku mmoja. Kulala kwa mama mkwe hangeweza, maana mkwe hawezi kulala chini ya paa la mamake mkewe, hata mvua ya mawe inyeshe. Basi akapigia simu hoteli moja ya Kitale mjini, akaigeuza sauti kama ya mheshimiwa.

"Nipatie chumba kikubwa cha familia. Tuko wanne. Vitanda vinne, na viwe imara, mimi ni mtu wa vitanda."

Alijiona mjanja sana. Watalala wote pamoja kama zamani, wakati watoto walikuwa wanagombania blanketi. Ataanza na utani, kijana atacheka, na katikati ya kicheko atamwomba abaki. Mpango ulikuwa mtamu. Kasoro yake ni moja tu: mtu wa vitanda alihesabu vitanda. Hakuhesabu milango.

Ijumaa mchana wakafika. Msichana wa mapokezi, Nimo, akawapandisha ngazi akiwa na ufunguo, akafungua chumba. Wekoye akaingia wa kwanza, kifua mbele, akashika mguu wa kitanda akautikisa.

"Aiii! Msumari! Wamepiga msumari mahali pa gundi! Dinah, njoo uone wezi."

Dinah hakuwa anaangalia kitanda. Alikuwa anaangalia mlango. Derrick alisimama nje, begi begani, uso ameugeuzia ukuta wa korido kama mtu aliyekuta wazazi wake wanaoga. Mguu wake haukugusa kizingiti.

"Kijana, ingia! Chagua chako kabla Mary Ann hajachagua," Wekoye akasema.

"Nimeona, Baba." Sauti yake ilikuwa ya heshima, na hiyo ndiyo iliyotisha. "Harusi nitaonea kanisani. Wacha nitafute pa kulala."

Hapo ndipo Wekoye alipoelewa, na damu ikamshuka mpaka kwenye viatu. Kumwita mtu aliyesimamia kisu aje alale chumba kimoja na mamake na dadake! Ni kumwambia mbele ya watu kwamba wewe bado ni msinde, mvulana asiyetahiriwa, kile kisu kilikata hewa.

Dinah akasema kwa sauti ya chini, na kila neno lilikuwa patasi. "Wewe kulala kwa mamangu ni mwiko, tukatafuta hoteli. Ya mtoto hukuona?"

"Tunaweza kutundika shuka hapa katikati..."

"Shuka, Baba?" Mary Ann akasema. "Kama duka la nguo?"

Wekoye akashuka ngazi mbili mbili. "Dada, nataka chumba kingine. Hata kidogo. Hata stoo ya mafagio."

"Mzee, zimejaa," Nimo akasema. "Harusi ni tatu mjini, na kanisa liko na mkutano. Stoo iko na mafagio kweli, lakini pia iko na mtungi wa gesi. Siwezi."

"Hoteli ya jirani?"

"Wao ndio wametuletea watu."

Basi fundi mkuu wa Bungoma akaanza kubisha milango ya watu. Mlango wa kwanza ulifunguliwa na mtu mnene aliyejifunga taulo, Gathogo, mnunuzi mwingine wa mahindi.

"Ndugu yangu, nakuomba. Uko na kitanda cha pili. Mwanangu..."

"Mzee, mimi nakoroma kama posho mill. Huyo kijana atakosana na mimi kabla ya saa tatu. Na si wewe nimekusikia ukipiga kelele kwenye chumba cha vitanda vinne? Shida ni gani?"

Shida ni gani. Wekoye akamwomba radhi, akaondoka. Alibisha mwingine, na mwingine. Mmoja alidhani anauza viatu. Aliporudi kwenye ngazi, Derrick alikuwa anashuka, na nyuma yake Dinah amefunika mdomo kwa leso.

"Derrick. Ngoja."

"Baba, heri nikalale Moi's Bridge, stage iko na magari saa hizi. Nikichelewa nitakosa."

"Ngoja nikuambie..."

"Utaniambia kesho?" Kijana akamtazama kwa mara ya kwanza siku ile. "Umesema kesho mara mingi, bana."

"Bana" kwa baba yake. Siku nyingine angepigwa kofi. Siku hiyo Wekoye alishika reli ya ngazi kama mlevi. Alikuwa amelaza mji mzima, na huyu mmoja hakuwa na pa kuweka kichwa.

Akatoa simu, akampigia msaidizi wake, akaweka spika ili kijana asikie.

"Wakhungu, uko kibandani? Acha hiyo randa. Zile mbao za bweni, pakia mkokoteni upeleke kwangu nyumbani. Upande ule mwingine wa ua. Chimba mashimo ya nguzo leo, kabla jua halijazama."

"Fundi, si hizo ni za shule? Mwalimu mkuu nitamwambia nini?"

"Mwambie wanafunzi wake wana pa kulala. Wangu hana."

Akazima. Kisha akamwendea Nimo, akachukua ufunguo wa chumba kile cha vitanda vinne, akaunyoosha kwa mwanawe kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu mzima. "Mamako na dadako watalala kwa nyanyako. Hiki ni chako peke yako. Hakuna atakayeingia."

"Na wewe?"

"Mimi nitakaa na Kibe, bawabu wa hapo nje. Anasema ana kiti."

Derrick aliutazama ule ufunguo kwa muda. Akauchukua. Akapanda juu na begi lake.

Kiti cha Kibe kilikuwa kibovu, mguu mmoja mfupi. Wekoye hakukitukana hata kidogo.

Asubuhi alipanda ngazi na mgongo uliokauka. Nimo alikuwa ameshaondoka zamu, na hakuna aliyejua kama kijana yumo au alitoroka alfajiri. Mkono wa Wekoye ulienda kusukuma mlango, kwa mazoea ya miaka yote. Akaurudisha. Akasimama wima, akakohoa.

"Hodi."

Korido nzima ilinuka chai ya watu wengine.

"Hodi humu!"

"Nani?"

"Ni mimi. Babako."

"Ngoja hapo hapo. Natoka."

Akangoja, kama baba anavyopaswa kungoja nje ya nyumba ya mwanawe. Derrick akatoka amevaa shati la harusi, begi begani tayari, akafunga mlango nyuma yake.

"Wakhungu alichimba?"

Wekoye akamwonyesha picha kwenye simu: mashimo manne, mbao, na kiatu cha Wakhungu pembeni. Kijana akaikuza kwa vidole viwili, akaitazama muda mrefu.

"Mlango utaangalia wapi?"

"Sema wewe."

"Uangalie barabara. Si jikoni." Akamrudishia simu. "Baada ya harusi nitapitia Bungoma nione. Lakini Baba, nikikuta ni mashimo tu, nageuka kwenda Moi's Bridge."

Wekoye alikuwa na majibu kumi ya kujisifu, yote yamepangwa ulimini. Aliyameza. Akampisha kijana atangulie, akamfuata ngazini, macho kwenye lile begi.