Bwana wa Ndoto Hana Njaa

Ipo siku moja, Furaha mwanangu, ambayo sijaisahau, ingawa nimejaribu mara nyingi. Ilikuwa saa nane mchana, vita viko nje ya mji, na mama yako alikuwa na miaka saba. Alisimama kando ya kitanda changu akanitikisa bega, nami nikamfukuza. Nitafika hapo. Uniache nisimulie polepole, maana leo nimeamka nimechoka, na magoti haya hayanipi raha tangu asubuhi.

Jana ulikaa hapa kibarazani, simu mkononi, ukaniuliza maswali matatu. Mtu anajuaje kwamba anaota, naye bado yumo ndotoni? Anaweza kukwama humo asiamke? Na je, anaweza kumwita amtakaye, naye akaja? Mawili ya kwanza uliyauliza ukicheka, kama mchezo wa wanafunzi wenzako. La tatu hukulicheka. Baba yako alitutoka kule hospitalini mvua za mwaka jana, nami si mjinga. Nikakuambia nina usingizi, nitakujibu kesho. Nilidanganya. Majibu yote matatu ninayo, ila sijawahi kumpa mtu.

Babu yako alikuwa fundi wa reli. Vita vilipokaribia, yeye alikuwa amekwenda mji wa Kongolo, mbali na hapa, na treni ya mizigo kutengeneza njia, kazi ya wiki mbili. Njia ikakatwa nyuma yake. Wiki mbili zikawa miezi, miezi ikapita mwaka. Simu hizi hazikuwapo, na barua hazikupita. Sisi tulikuwa hapahapa Alunguli, mto ukitutenga na gare, kituo cha treni. Zamani treni ilipoingia kule ng'ambo, honi yake ilivuka maji ikatufikia, na mama yako akapiga makofi. Sasa kule kulikuwa kimya.

Mashamba nayo yalifungwa. Wenye bunduki wengine walikaa mjini, wengine msituni, na aliyekwenda kuchimba muhogo wake mwenyewe aliulizwa na pande zote mbili yeye ni wa nani. Tulikula majani ya matembele bila chumvi. Usiku hatukulala, tulisikiliza. Kwa hiyo tulilala mchana, anayeweza.

Mara ya kwanza sikuitafuta. Nilijilaza na njaa yangu, usingizi ukanichukua, nikasikia honi ya treni. Nikajisemea, humohumo ndotoni: mbona treni haiji siku hizi? Nikatazama mikono yangu. Ilikuwa imenona kama zamani, na bangili yangu ya ndoa imekaa sawasawa. Nilipokuwa macho bangili ile ilinidondoka kila mara, mpaka nikaifunga kwenye kitambaa nikaiweka. Basi nikajua: ninaota. Sikuogopa. Nilitoka mlangoni nikamwona babu yako anapanda kutoka mtoni, samaki mkononi. Akaniita kwa jina la mama yako, akiulizia ugali: "Mama Mwajuma, bukari iko?"

Niliamka nacheka peke yangu. Na mchovya asali, mwanangu, hachovyi mara moja.

Nikajifundisha. Nikichota maji, natazama mikono yangu na kujiuliza, hii ni ndoto au si ndoto? Nikitwanga, nauliza vilevile. Unachokizoea ukiwa macho hukufuata usingizini. Kabla ya kulala nilijiambia taratibu, leo nikisikia treni nitajua. Nikiamka sikuinuka haraka. Nilibaki nimefumba macho, naiokota ile ndoto kidogo kidogo, kama mtu aokotaye mchele uliomwagika. Nikifurahi mno humo ndani, ndoto ilikatika. Nikajifunza kutulia, nishike ukuta, nikanyage chini. Hilo njo jibu la swali lako la kwanza. Uchawi haumo. Ni mazoea tu, na mazoea yana taabu.

Baadaye haikupita siku mbili bila kumwona. Nilimpikia, akala. Nikamuuliza, "Uko wapi?" Akasema, "Niko Kongolo, nakuja." Nikamuuliza atakuja kwa njia gani. Akasema, "Na treni." Kila alichonijibu nilikuwa nakijua tayari, lakini sikuliona hilo. Na humo ndotoni mama yako alikuwa na mashavu, anacheza uani, amevaa gauni lisilochanika. Nani angetaka kuamka?

Nikaanza kulala asubuhi pia. Mama Mkubwa Asumini, dada wa marehemu mama yangu, alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Akipita alichungulia mlangoni.

"Uko mugonjwa?"

"Hapana, Mama Mkubwa. Nimechoka tu."

"Sisi wote tumechoka. Amuka."

Niliinuka mpaka alipokwenda, kisha nikajilaza tena. Husemwa kwamba aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Mimi ningelikuwa na mtu wa kuniamsha kila siku, ningelimshukuru mpaka leo.

Siku ile, basi, nilikuwa naye mezani. Alikuwa amefungua mdomo kuniambia siku atakayorudi, nami nimeinama nisikie, mara nikahisi bega langu linatikiswa. Nikafumbua macho nusu. Mtoto amesimama pale, shingo nyembamba, macho makubwa, gauni limemshuka begani.

"Mama, niko na njaa."

Nikamtazama. Na Mungu anisamehe, nikamwambia, "Weye si mwanangu. Mwanangu iko na mashavu. Weye ni wa ndoto. Toka."

Hakulia. Alipandisha gauni begani, akatoka. Nikafumba macho nimrudie bwana wangu, lakini hakuwapo tena, wala usingizi wenyewe haukuwa na kitu ndani yake.

Kilichoniamsha ni milio ya bunduki upande wa mashamba. Nikaita, "Mwajuma!" Nyumba kimya. Uani hakuna mtu. Mama Mkubwa akaja mbio, kitenge amekikaza kiunoni.

"Mutoto iko wapi?"

"Alikuwa hapa."

"Saa ngapi?"

Nilitazama jua, nikaona limeshuka. Hakuniuliza tena. Alinishika mkono tukatoka, tukazipita nyumba za mwisho, tukaenda tumeinama, mikono wazi ili kila mtu aone hatukubeba kitu. Mimi nilikuwa naomba iwe ndoto. Nilitazama vidole vyangu njiani, mwanangu, mifupa na ngozi, na nikajua siyo.

Tulimkuta katika shamba lililoachwa, nyuma ya kichuguu, amejikunja. Mkononi alishika kipande cha muhogo mbichi chenye alama za meno. Ulikuwa muhogo mchungu, ule usioliwa mpaka uloweshwe siku tatu ukauke. Mtoto wa miaka saba anajua wapi hayo, na njaa inamwongoza? Alikuwa ametapika, macho yamegeuka, miguu haimshiki. Nikambeba. Ndipo nilipojua kwamba mwanangu hakuwa na uzito, na kwamba ilikuwa muda mrefu tangu nimbebe.

Siku mbili alilala hajui kitu. Mama Mkubwa alikuwa na sukari kidogo aliyoificha tangu kabla ya vita. Akaikoroga kwenye maji, akamnywesha kwa kijiko, tone kwa tone. Siku ya pili akaniuliza bila kunitazama, "Sema kweli. Ulikuwa wapi?"

Nikamwambia yote, honi, samaki, bukari, mashavu. Nilitegemea atasema nina shetani. Alimfuta mtoto mdomo kwanza.

"Ndoto haiko mubaya," akasema. "Hata mimi naota. Mume wangu nilimuzika zamani, bado anakuya kunisalimia. Lakini sikia. Bwana wako wa ndoto hana njaa. Huyu njo iko na njaa. Unapikia mutu asiyekula, unafukuza mwenye kula."

Nikalia. Akaniacha nilie kidogo.

"Basi," akasema. "Enda utafute kuni."

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Nilikuwa nimelisikia hilo maisha yangu yote, na sikulielewa mpaka nilipokuwa nakusanya vijiti nyuma ya nyumba ya watu, machozi yananitoka, nachagua vilivyokauka.

Siku ya tatu mama yako alifumbua macho. Akanigusa uso kwa vidole.

"Mama, mimi ni wa ndoto?"

"Hapana," nikamwambia. "Weye ni wa kweli. Mimi njo nilipotea."

Tangu hapo, honi ikilia usingizini, niliamka kwa nguvu. Wakati mwingine babu yako alisimama mlangoni ananitazama ninavyoondoka. Ilikuwa kazi nzito, mwanangu, nzito kuliko njaa.

Kisha vita vikaisha, kwa namna vita vinavyoisha kwetu, polepole na si vyote. Mchana mmoja nilikuwa mtoni nafua nguo, nikasikia honi kule ng'ambo. Watu wakaanza kukimbia na kupiga vigelegele. Mimi na mama yako tukavuka kwa mtumbwi, tukasimama kwenye gare mpaka akashuka abiria wa mwisho. Kisha fundi mmoja aliyekuwa akifanya kazi na babu yako akaniona. Akavua kofia.

"Mama Mwajuma, hawakukuambia?"

Homa ilimchukua kulekule Kongolo, mwezi wa tatu tangu aondoke. Wenzake walimzika.

Mwezi wa tatu! Siku zote zile nikimpikia, yeye alikuwa ardhini, na hata mara moja hakuniambia. Angewezaje? Nilikuwa sijui, kwa hiyo naye hakujua. Hilo ni jibu la swali lako la tatu. Ndiyo, ukijizoeza, unaweza kumwita baba yako, naye atakuja na sura yake na sauti yake. Lakini hatakupa habari. Atakujibu yale uliyonayo moyoni tayari. Atakayekaa nawe ni hamu yako, imevaa shati la baba.

Na swali la pili, la kukwama? Usingizi haumshiki mtu. Njaa itakuamsha, haja ndogo itakuamsha, jogoo wa jirani atakuamsha. Mimi sikukwama nilipokuwa nimelala. Nilikwama nilipokuwa macho, nikitaka kurudi.

Kwa hiyo sikukatazi. Nilipokuwa na umri wako ningekatazwa nisingesikia. Ukitaka, mwite mara moja, umsalimie, umwambie lile ambalo hukuwahi kumwambia hospitalini. Usivunje usingizi wako kwa kengele za simu ili umwote, una mitihani. Usilale mchana kumtafuta. Ukiona unaanza kuiona asubuhi kama adui, acha siku hiyohiyo, uje uniambie. Na mtu aliye hai akikuita, amka kwanza, mengine baadaye. Mama yako naye amefiwa. Anapika peke yake kule nyuma, na huwa hamsemeshani. Nenda ukae naye, hata kama hamna la kusema. Mkumbukeni baba yako kwa kusimuliana habari zake nyinyi wawili. Huko mtapata habari ambazo kila mmoja hakuwa nazo.

Nami nimesema vya kutosha. Mungu akulaze kwa amani, mwanangu, akuamshe ukiwa mzima, akuachie watu wako walio hai muda mrefu, na akupe moyo wa kuwatambua. Amina.