Makala Iliyotajwa na Wote, Haikusomwa na Yeyote

Mwanangu nusura anyimwe shahada kwa sababu ya makala ambayo hakuna jicho lililowahi kuiona.

Wazazi wenzangu, vuteni kiti.

Mimi ni fundi cherehani. Shule yangu iliishia msingi. Kifungua mimba wangu ndiye aliyefika chuo kikuu. Nyumbani tunamwita Mkaidi, jina alilolipata kabla hajaota meno.

Alikuwa anaandika tasnifu kuhusu dawa ya kusafishia maji ya visima. Msimamizi wake akamwambia kuna makala ya zamani inayotoa kipimo cha dawa, lazima aitaje. Wenzake wote wameitaja.

Mkaidi akaisaka mtandaoni. Jina la makala alilikuta kibao, ndani ya tasnifu za watu. Makala yenyewe, patupu.

Akasema hataji asichokisoma. Akamwomba mkutubi wa chuo aliazime, kutoka maktaba nyingine, jarida linalosemekana kuichapisha. Kumbe maktaba nazo huazimana, kama majirani na ungo.

Jarida likachelewa. Msimamizi akatoa neno la mwisho: bila makala ile, tasnifu haipiti.

Presha ikanipanda. Nikamsihi mwanangu afunike kombe mwanaharamu apite. Andika tu, umalize.

Akanitazama.

"Mama, wewe unakata kitambaa cha mteja kwa vipimo ulivyovisikia kwa jirani?"

Nikamkaripia. Mimi si rika lake.

Kesho yake nikavaa gauni langu la heshima, nikaenda chuoni kwa msimamizi kumwombea msamaha. Ofisi ilikuwa na mapazia yaliyopindwa ovyo. Niliyaona hayo kabla ya mwenye ofisi.

Alinipokea vizuri. Akanieleza binti yangu ana kichwa kigumu, na kwamba makala ile inajulikana na kila mtu.

Nilikuja na msamaha mdomoni. Sijui ulipotelea wapi.

"Mwalimu, wewe umeisoma?"

"Mama, hayo ni mambo ya kitaaluma."

"Sawa. Ila maji hayo watakunywa watu. Umeisoma?"

Akaanza kupanga kalamu zake.

"Basi mwanangu haandiki. Mkitaka, mfukuzeni."

Nikatoka. Nimemponza mtoto kwa mdomo wangu mwenyewe, ndivyo nilivyowaza njia nzima.

Hatimaye jarida likaja. Tasnifu za wenzake zilisema makala inaanzia ukurasa wa tisini. Mkaidi akafunua mpaka mwisho.

Jarida liliishia ukurasa wa sitini na nne. Baada ya hapo ni jalada.

Mkutubi naye akapandwa na mori. Akaagiza matoleo mengine yote, akapekua moja moja. Hamna. Akaanza kurudi nyuma, tasnifu kwa tasnifu, amjue aliyeitaja wa kwanza.

Akamwita Mkaidi, akamwekea mezani tasnifu kuukuu yenye vumbi. Mwandishi wake?

Msimamizi.

Kabla yake hakuna aliyeitaja. Aliibuni mwenyewe enzi za ujana wake, kisha akawalisha wanafunzi wake wote.

Mkaidi alipewa msimamizi mwingine, na akafaulu. Ndani ya tasnifu yake ameandika wazi: makala hii haipo, na hivi ndivyo nilivyoitafuta.

Jina likijaa mtandaoni si ushahidi. Mwambie mwanao akaazime, afungue, aone kwa macho yake. Na akikataa kutaja asichokisoma, usimwambie afunike kombe kama nilivyosema mimi.

Chini ya kombe lile kulikuwa na maji ya kunywa watu.