Mjomba Kaacha Sukari, Sukari Haijamwacha

Mjomba wangu kaacha sukari kabisa. Leo imempanda mpaka nesi kapima mara mbili!

Asubuhi alifika kwetu Nachingwea kutoka Ruangwa, aende kliniki ya kisukari. Mama, ambaye ni dada yake, akamwekea chai. Mjomba akakinga kikombe kwa mkono.

"Dada, sukari ya dukani ni sumu. Mimi natumia ya Mungu."

Ya Mungu ni asali. Vijiko vinne, jamani.

Akashushia jagi la juisi ya mabibo, yale matunda ya mkorosho. Nikamgusia. Akanijibu, "Tunda linalokaba koo hivi, lina sukari gani?"

Mtu wa Ruangwa anasema hivyo! Mabibo yakilala kwenye ndoo yanakuwa pombe. Hiyo pombe inatokana na chumvi?

Kliniki nesi akamweleza kwa upole kwamba asali ina sukari ya matunda na glukosi, na ya dukani imeundwa na hizo hizo. Tunda ukilitafuna, makapi yake yanaichelewesha sukari. Ukilikamua, makapi wanakula kuku, sukari unakunywa wewe.

Mjomba akasonya. "Basi mashine yenu mbovu. Haijui kutofautisha ya matunda na ya dukani."

Nesi akatazama bandeji kwenye kidole cha mguu cha mjomba.

"Hata hiki kidonda, mzee wangu, hakijui kutofautisha."

Kurudi nyumbani, mama akamwekea chai tena.

Wajomba zenu wanatia nini kwenye chai?

Wangu anainywa hivyo hivyo sasa hivi, bila hata asali. Kafumba macho.