Tuta Langu Lilisifiwa

Bibi alinitolea kiti. Hayo ndiyo yalikuwa mapokezi yangu, rafiki yangu, baada ya miaka mingi ya Ujerumani: kiti cha mbao chenye mto wa maua, ambacho nilipokuwa mdogo kilikaliwa na katekista na watu waliokuja kuposa. Nilikuwa nimeshuka kwenye bodaboda kutoka Sumbawanga mjini, matope hadi magotini. Nikapiga goti, nikaamkia, akaitika marahaba. Kisha akakifuta kiti kwa kanga yake, akaniambia niketi, na yeye akaenda jikoni.

Nilibaki sebuleni nikisikiliza. Jikoni alikuwa na jirani, mama mmoja mcheshi ambaye shamba lake limepakana na letu. Walikuwa wakizungumza Kifipa na kucheka. Bibi aliporudi kwangu alinisemesha kwa Kiswahili, kile kizuri cha ofisini, akaniuliza kama nilisafiri salama.

Nikuambie lile jiko lilivyokuwa. Ni kibanda cha matofali ya udongo, dari nyeusi kwa masizi. Kwetu uwandani ni baridi, upepo hauna mti wa kuuzuia, kwa hiyo maisha yote ya utotoni yalikuwa mle ndani. Tulikula kwenye sinia moja: ugali wa ulezi, mwekundu kama udongo, na dagaa waliopandishwa kutoka Kirando, kule ziwani, wenye mchanga kidogo ambao hakuna aliyeulalamikia. Moshi ulitutoa machozi, na aliyesema anatoka nje kupumua aliporudi alikuta mboga imekwisha. Bibi alikaa juu ya gunia karibu na mafiga na kutugombeza. Mimi alinigombeza zaidi, kwa sababu nilikuwa mke mwenzake. Ndivyo bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike. Nikichelewa kuleta maji alisema mume wetu ameoa mvivu.

Safari hii nilichinjiwa kuku. Nikaletewa wali, peke yangu, mezani, na maji ya chupa ambayo bibi alituma yakanunuliwe barabarani. Nilipobeba sahani yangu na kwenda jikoni, mazungumzo yalikatika. Jirani alinyanyuka anipishe kigoda, bibi akasema moshi utaniumiza macho. Nikarudi mezani.

Sikukata tamaa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi nilikuwa nimefika wakati wa kazi hasa, mvua zikielekea kuisha na nyasi zikiwa ndefu. Wakati huo Wafipa tunafanya matuta yetu ya mviringo, intumba. Unakusanya nyasi mahali pamoja, kisha unapasua udongo pamoja na majani yake na kuufunika juu, majani yakiangalia chini, hadi upate kichuguu kinachofika gotini. Nyasi zinaoza humo ndani na kuwa mbolea. Juu yake unapanda maharage. Msimu unaofuata unalibomoa tuta na kutawanya udongo wake ulioshiba, unasia ulezi. Hatukuwa na mbolea ya dukani, na shamba halikuchoka.

Nilipokuwa mtoto, bibi alipita nyuma yangu na kulipiga teke tuta lolote lililoacha nyasi nje. Lilisambaa, nami nikaanza upya huku nikilia. "Umemzika panya ukamwacha mkia," alikuwa akisema, na shamba zima lilicheka. Jioni tulirudi pamoja, akinishika bega kama mkongojo wake.

Siku ya tatu ikafika, jembe halikuja. Ilikuja chai, na mkate. Basi nikalichukua mwenyewe ukutani nikawafuata bibi na jirani kwenye shamba la karibu na nyumba.

Jirani aliponiona alifurahi. Akasema leo Ulaya imekuja kulima, tuone kama mikono ya kushika simu itashika mpini. Nilitaka kumjibu. Nilikuwa hata nimepata la kusema. Lakini bibi alimkatiza.

"Mwache mgeni."

Nikalima. Malengelenge yalitoka mapema, nikayaficha. Mkono haukukumbuka nilivyodhani unakumbuka. Mabonge ya udongo niliyageuza ovyo, mengine majani yakaangalia juu, na nilipomaliza la mwisho matuta yangu yalikuwa na nywele kila upande. Niliona. Mtoto yeyote wa pale angeona: mvua moja tu, nyasi zingechipua na kuyameza maharage. Nikaegemea jembe nikamsubiri bibi. Sikumbuki kama nimewahi kusubiri jambo kwa hamu namna ile. Nilisubiri teke.

Alikuja polepole, akayatazama moja baada ya jingine. Mguu wake haukunyanyuka.

"Umefanya vizuri, mwanangu," alisema kwa Kiswahili. "Sasa kapumzike."

Jirani aliangalia pembeni.

Kesho yake asubuhi niliamshwa na mlio wa majembe karibu na nyumba. Nikavaa viatu, nikatoka hadi kwenye ua. Ukungu ulikuwa haujapanda. Ng'ambo ya ua, bibi na jirani walikuwa wakiyabomoa matuta yangu na kuyafunika upya. Jirani alimuuliza kwa nini asingoje niondoke. Bibi alijibu kwa Kifipa, na nilielewa kila neno.

"Mbegu haiwezi kungoja. Na akituona ataumia. Harakisha kabla hajaamka."

Kule ninakoishi sasa kuna watu wanaonisifu, na msimamizi wangu kiwandani hunikaripia mara kwa mara. Lakini hakuna mtu anayeweza kupiga teke kazi yangu na jioni aniegemee begani. Alikuwepo mmoja tu duniani. Bado yupo, anatembea, anashika jembe, nilikuwa namwona pale kwenye ukungu. Nilichokuwa nimempotezea ni ile haki ya kunigombeza, na wema wake wote haukuweza kuirudisha.

Ningeweza kuruka ua. Ningeweza kulichukua jembe langu. Lakini alikuwa ameinama, akifanya haraka kwa ajili yangu, na umri ule si wa kufanya haraka. Nikarudi ndani kwa kunyata, nikavua viatu, nikajifunika blanketi hadi kichwani, nikatulia kama mtu aliyelala, ili amalize.