Shwari ya Kimbunga

Upepo ukivuma sina neno nao. Ukikata ghafla, mabati yakanyamaza na majani ya mpapai yakasimama, naacha ninachofanya na moyo unanienda mbio mpaka uvume tena. Watoto wangu hunicheka. Wacheke tu, wao hawakukaa nyumba ile ya Temeke, wala hawakumsikiliza mpishi.

Kaka yangu alikuwa baharia. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila mwenye mtaji alitaka kupeleka kitu mahali akakiuze, na vimeli vya mizigo, chuma kikuukuu kilichopakwa rangi mpya, vilibeba saruji na vitunguu kwenda Ngazija na Majunga. Kaka akapata kazi katika kimojawapo. Alikuwa ameoa karibuni, na mkewe alikaa nasi, kwa mama. Siku ya safari alituaga mlangoni kama mtu anayekwenda Kariakoo.

Hazikupita siku nyingi redio ikatangaza kimbunga upande wa kisiwa cha Buki, huko huko Majunga iliko. Mtangazaji akasema sisi wa Dar es Salaam tusiwe na hofu, kwetu hakifiki. Na kweli hakikufika. Jua liliwaka kama kawaida. Nilikwenda Feri kununua samaki, nikakuta hakuna upepo hata wa kupeperusha kanga, lakini mawimbi yanakuja marefu, mazito, hayana haraka, na ngalawa zote zimevutwa juu mchangani. Muuza samaki mmoja aliyekuwa amekaa juu ya ndoo yake tupu akaniambia, "Huko nje kuna jambo, mwanangu." Nyumbani nilisema tu kwamba samaki hakuna.

Meli haikurudi. Mwenye meli alisema anafuatilia, akafuatilia hadi akafunga ofisi. Tulikwishaanza kunong'ona habari za matanga pale mpishi wa meli alipotokea mlangoni, amekonda, shingo imekuwa kijiti. Meli ya kigeni ilimwokota na kumshusha mbali, na kurudi kwake kulichukua miezi. Mama hakumngoja hata akae vizuri mkekani.

"Mwanangu yuko wapi?"

Mpishi akamtazama usoni. Kisha akasema kwamba dhoruba ilipasua meli, halafu bahari ikatulia, ikawa shwari kabisa, wakashusha mashua mbili. Kaka alipanda moja, yeye nyingine, wakapotezana.

Mama aliling'ang'ania hilo neno shwari. Mtu aliyepanda mashua bahari imetulia, alisema, huyo amefika nchi kavu. Yuko Buki, hana karatasi, wamemweka ndani, ipo siku watamwachia. Khitma ikapigwa marufuku. "Msinisomee mwanangu mzima!" alimfokea maalimu wa msikiti wetu, mtu mpole, hadi akaondoka na kusahau chetezo chake cha udi uani kwetu. Kila mchana sahani ya kaka ilipakuliwa na kufunikwa kawa. Mara nyingine, ndege ikishapita juu kuelekea uwanjani na kelele zikaisha, mama aliitikia "Karibu!" kama aliyesikia hodi, na mlangoni hapana mtu. Nilianza kuuogopa ule mlango. Nilianza hata kuusikia.

Aliyeniuma zaidi ni wifi yangu. Msichana mbichi, si mke, si mjane. Kukaa eda amekatazwa, kwa kuwa eda ni ya aliyefiwa. Kurudi kwao amekatazwa, kwa kuwa mumewe akija atamkuta wapi? Alipika, akafua, akanyamaza. Mimi niligombana na mama mpaka majirani wakaja kuniasa, na sikupata kitu.

Mpishi akawa anakuja kila Ijumaa baada ya swala. Mama alimlisha, kisha anamwambia, "Haya, baba, hebu nielezee tena." Naye anaelezea. Mawimbi yaliyopita juu ya kibanda cha nahodha. Mvua iliyokuja imelala, ikichapa uso kama kokoto. Bahari imegeuka nyeupe, hujui hewa inaishia wapi na maji yanaanzia wapi. Wote wamejifunga kamba kwenye vyuma ili wasichukuliwe. Halafu ghafla, kimya. Anga buluu juu ya kichwa, ndege wa baharini wanatua sitahani, wamechoka hata kuogopa watu hawaogopi.

Ijumaa moja, nadhani kwa kutaka kumfurahisha mama, aliongeza. Alisema walijifungua wakacheka. Yeye alichemsha chai, na wenziwe wakavua nguo zao zilizolowa wakazianika, kaka na shati lake. Mama alitabasamu, maana kaka alikuwa hapendi kuvaa nguo mbichi.

Wifi alikuwa anachambua mchele pembeni. Hakuinua uso.

"Shemeji, hizo nguo nani alizianua?"

Mpishi akanywa funda la chai yake.

"Watu wanaoikimbia meli wanaanika nguo?"

Mpishi akaweka kikombe chini. Alianza kulia kabla hajasema kitu, na alipoanza kusema hakumtazama mama tena, alimtazama wifi.

"Sie tunajua kusi, tunajua kaskazi. Dhoruba ikija, ikipita, imepita. Nani alitwambia kimbunga kina katikati? Wingu lilituzunguka pande zote, limesimama kama ukuta, nahodha akasema hilooo, linakwenda zake. Kumbe upande wa pili linakuja. Upepo ukaturudia kwa mgongo, na hakuna aliyejifunga. Kamba zetu, shemeji, tulikuwa tumezifanya za kuanikia."

"Na mashua?" mama akauliza.

"Hakukuwa na mashua, mama. Zilikwenda na upepo wa kwanza. Mie niliokolewa na pipa. Yeye alikuwa amesimama, ana kikombe cha chai mkononi. Wimbi likapita, pale aliposimama hapana kitu."

Nilidhani mama atampiga. Mimi mwenyewe nilitaka kumpiga, kwa kusema uongo na kwa kusema kweli. Mama alimpa maji ya kunywa. Kisha akamwita wifi, "Njoo, mwanangu," akaingia naye chumbani kwa kaka, akamkalisha kitandani na kuanza kumvua bangili za harusi. Hazikutoka, mikono ilikuwa imevimba kwa kufua. Nikaleta maji na sabuni. Mama akapaka, akavuta, na kila moja ilipotoka alisema, "Nisamehe." Wifi alikuwa akilia kimya kimya, mkono kaunyoosha. Ilipotoka ya mwisho, mama akaniambia bila kunitazama:

"Nenda kamwite maalimu, aje amsomee marehemu."