Ukaguzi wa Eneo kwa Afande Magesa

Nilikwenda Ukerewe kwa sababu ya simu ya mama mmoja aliyechoka. Mimi ni mratibu wa huduma za utengamao kwa askari wastaafu wasioona. Kwa lugha ya nyumbani, kazi yangu ni kuhakikisha kwamba mtu aliyelitumikia jeshi, kisha akapoteza macho, anapata wa kumfundisha kutembea na fimbo nyeupe, kupika na kufua bila kushikwa mkono. Ofisi yetu iko Nyamagana, ghorofa ya tatu, haina lifti, na wateja wetu hawaoni. Aliyepanga hivyo namtafuta mpaka leo.

Jumatatu asubuhi simu ililia kabla sijavua hata kitambaa cha kichwani. "Mama Mratibu, mimi ni mke wa Sajini Taji mstaafu Magesa. Binti yangu Bahati yuko Geita, anajifungua mwezi huu, mtoto wa kwanza. Nani atamkanda maji ya moto? Miaka minne sijalala nje ya nyumba hii. Nikienda msibani, narudi kabla chakula hakijapakuliwa. Nileteeni mtu wa kumfundisha huyu mzee, la sivyo nitamtia kwenye sanduku niende naye!"

Nikamwambia mama, tulia, nakuja mwenyewe. Kisha nikafungua jalada la Sajini Magesa. Presha ya macho ilikuwa imemmaliza uoni, na tayari alikuwa amewarudisha walimu wetu wawili. Wa kwanza, kijana mwenye shahada yake, alipigishwa kwata uwani mpaka akapanda meli iliyofuata. Wa pili, dada mpole sana, aliwekewa kiti, akapewa chai, akaambiwa raia hafundishi askari. Chai ilipoisha akasindikizwa.

Sasa mimi nikajiona nina akili. Nikasema, kama raia hawezi, basi askari afundishwe na askari. Nikampigia Kulwa wa Mabatini, praiveti mstaafu, ambaye macho yalimharibikia akiwa bado kazini na sasa ndiye mwalimu wetu bora wa fimbo. Nikamwambia afungashe, kesho tunasafiri. Jina la mwanafunzi sikumtajia, wala yeye hakuuliza.

Jumanne, bandarini Mwanza, mabaharia wawili walimrukia Kulwa kama mzigo wa mayai. Mmoja akashika mkono huu, mwingine ule, "Pole mzee, taratibu mzee," naye hajafika hata miaka hamsini. Mimi mwenye macho yangu mawili, begi mgongoni na faili kwapani, hakuna aliyenitazama. Nikajikwaa kwenye mnyororo, nikaenda chini na fomu zangu zote. Kulwa akasikia kishindo, akajinasua kwa wale mabaharia, akaja akigonga fimbo yake, akasema, "Shika bega langu, Mama Mratibu. Mbele kuna ngazi, hatua ya kwanza ni ndefu." Nikapanda meli nikiongozwa na asiyeona, watu wakitutazama hawajui wamsaidie nani.

Tulipopita visiwa vya mwanzo, tumbo langu likaanza vurugu. Kulwa akanipa kipande cha tangawizi nitafune, kisha ili kunipa maneno ya kusahau tumbo akauliza, "Hivi huyo tunayekwenda kwake ni nani?"

"Sajini Taji Magesa."

Kulwa akasimama wima palepale, mikono ubavuni, mpaka abiria wa jirani akasogeza kikapu chake. "Magesa yupi? Yule mwenye sauti ya king'ora?"

"Sijamsikia bado. Unamjua?"

"Alinipokea mimi nikiwa kuruta, Mama. Alinirusha kichurachura uwanja mzima kwa sababu ya kifungo kimoja. Kimoja! Nikimuota mpaka leo naamka nimesimama." Akakaa, akajifuta jasho. "Yule hawezi kufundishwa na praiveti. Hata akifa, malaika wa cheo cha chini hatamchukua."

Nikasema moyoni, Yesu na Maria, nimejipikia mwenyewe. Meli haina kona ya kurudia. Na huko mbele kulikuwa na mama anayehesabu siku za binti yake.

Kutoka Nansio tulichukua bajaji mpaka kijijini kwao, pembeni kidogo ya mwalo ambapo wavuvi wanashushia samaki. Kabla hatujafika uwani nikawaona. Mbele alitembea mama mnene mwenye khanga ya njano. Nyuma yake mzee mrefu, kifua mbele, mkono wake mmoja umelala begani kwa mkewe. Mama akakata kulia kukwepa matofali. Mzee akanguruma, "Kulia... geuka!" Mama akakata kushoto kuingia uwani. "Kushoto... geuka!" Kila amri ilikuja baada ya mama kuwa ameshageuka. Kijiji kizima kiliambiwa kwamba Afande ndiye anayeongoza, na kijiji kizima kwa heshima kilikubali.

"Shikamoo, Afande," nikasema.

"Marahaba. Wewe ni raia."

"Ni raia, Afande."

"Nimejua. Umeburuza miguu. Kaa."

Sikukaa. Nilikuwa na haraka zangu za kimjini na ratiba ya siku nne kwenye faili, nikafanya kosa lililonigharimu. Nikasema kwa sauti ya mkutanoni, "Afande, nimekuletea mwalimu wako, Praiveti mstaafu Kulwa."

Jamani! Mbuzi waliokuwa wamefungwa karibu na jiko waliinua vichwa. Mzee akavuta pumzi mpaka shati likambana. "Mwalimu? Praiveti? Anifundishe mimi? Kulwa yupi, yule wa kifungo?"

"Ndiyo, Afande!" Kulwa akajibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu wa miaka kumi na tisa.

"Mguu... sawa! Nyuma... geuka! Mbele... tembea! Ondoka uwani kwangu!"

Na Kulwa akaondoka. Miaka yote ile imepita, lakini miguu yake haikuwa na habari. Aligeuka, akaenda kwa mwendo wa gwaride, fimbo nyeupe ikipiga chini kushoto na kulia. Mbele yake kulikuwa na lundo la kuni, kamba ya mbuzi, beseni la vyombo na ukingo wa jiko. Mimi nilifumba macho. Mama Bahati alijiziba mdomo kwa khanga. Hatukusikia kitu zaidi ya fimbo, tap, tap, tap, mpaka barabarani.

Afande aliinamisha kichwa akisikiliza. Alikuwa anasubiri beseni. Beseni halikulia.

"Nyuma... geuka!" akapaza sauti. Tap, tap, tap, Kulwa akarudi. "Simama!" Akasimama hatua mbili mbele yake.

"Praiveti. Hujagonga kitu?"

"Sijagonga, Afande."

"Unaona kidogo wewe."

"Sioni hata jua, Afande."

Kutoka mlango wa jiko Mama Bahati akasema polepole, "Na wewe juzi umemkanyaga huyo mbuzi mara mbili." Afande alipitisha ulimi kwenye midomo, akanyoosha mkono kidogo kuelekea sauti ya fimbo ilipokuwa, kisha akaurudisha haraka. Nikaona jinsi anavyoitamani, na jinsi asivyoweza kuomba. Roho iliniuma, nami nilikuwa nimemkasirikia muda si mrefu.

Kulwa, ambaye hakuuona ule mkono, ndiye aliyejua la kufanya. "Afande," akasema, "naomba ruhusa kuripoti namna kifaa hiki kinavyofanya kazi."

Mzee akakohoa. "Ripoti."

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza. Jioni hiyo, kwenye ugali wa muhogo na sato, Kulwa alininong'oneza masharti: neno mafunzo ni marufuku, neno mwalimu ni marufuku, fomu zangu zikae kwenye begi. Kinachofanyika hapa ni ukaguzi wa eneo. Afande anakagua, praiveti anaripoti. Nililala kwa jirani nikiwa na ratiba ya kurasa sita isiyo na kazi.

Jumatano ukaguzi ulianzia njia ya chooni, Afande ameshika fimbo ya pili iliyotoka kwenye begi la Kulwa. "Afande, naripoti, ukiipeleka fimbo kushoto mguu wa kulia ukitangulia, njia inakuwa salama. Naomba uhakikishe mwenyewe." Afande akahakikisha. "Ripoti yako ni sahihi," akasema, akaenda na kurudi mara saba. Mara ya nane mimi nikasahau, nikapiga makofi: "Safi sana, Afande, umejifunza haraka!" Akasimama. Fimbo akaiegemeza ukutani, akaingia ndani, akawasha redio. Hakutoka mpaka saa kumi. Mama Bahati alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau, maana saa zile zilikuwa zake.

Alhamisi nilifunga mdomo wangu. Walikagua njia ya mwaloni, mimi nyuma kabisa. Afande alikwenda vizuri mpaka kwenye dagaa walioanikwa, akaingia katikati yao na viatu vyake. Akina mama wakapiga yowe, "We mzee, unatukanyagia mboga!" Nilidhani ataaibika, atavunja fimbo. Kumbe! Uso wake uling'aa. Miaka minne walikuwa wakimwambia pole. Siku ile ndiyo mara ya kwanza wanamgombeza kama mtu yeyote. Akawapigia saluti, akatoka kwa hatua ndogo ndogo.

Ijumaa ilikuwa siku ya chai. Mama Bahati alikuwa ameweka sharti lake mwenyewe, na lilikuwa gumu kuliko fomu zangu zote: "Akichemsha chai peke yake, bila kuunguza nyumba, mimi naondoka. Asipoweza, nampigia Bahati simu nimwambie atafute mtu mwingine." Akakaa kwenye kigoda mlangoni, mikono ameibana magotini ili asiinuke kumsaidia. Mzee akawasha jiko la mkaa. Akapapasa sufuria, akapima maji kwa kidole, akamimina majani, akachota kwenye kopo vijiko vinne, akakoroga. Akatumiminia wote.

Ilikuwa chumvi. Vijiko vinne vya chumvi! Kulwa alimeza. Mimi nilimeza, machozi yakanitoka. Afande akaonja, akatulia kidogo, kisha akainywa yote mpaka chini ya kikombe. "Chai ya vitani," akatangaza. "Kunyweni." Tukanywa, tufanyeje?

Lakini Mama Bahati hakucheka. Aliweka kikombe chini, akaanza kukunja na kukunjua pindo la khanga yake. Nikajua anatafuta maneno ya kumwambia binti yake. Afande naye, asiyeona, alisikia ule ukimya. "Praiveti!" akaita, na safari hii sauti haikuwa ya king'ora. "Hili... hili unalifanyaje wewe nyumbani kwako?"

Kulwa hakusema naripoti. Alisema, "Nafunga mpira kwenye kopo la chumvi, Afande. Nikiugusa najua." Mama Bahati akakimbilia ndani, akatoka na kipande cha mpira wa baiskeli, akaufunga kwenye kopo. Chai ya pili ilikuwa tamu mpaka ikazidi. Nyumba ilikuwa bado imesimama.

"Praiveti atabaki wiki mbili kwa ukaguzi zaidi," Afande akaamua. Nikamuuliza Kulwa kama ameridhika. Akasema amengoja muda mrefu kumwona mzee huyu akikosea kitu, na hawezi kuondoka sasa.

Jumamosi asubuhi Afande alisema atatusindikiza, mimi na mkewe, mpaka barabarani kwenye bajaji. Alitangulia yeye, kifua mbele, fimbo ikipiga. Mama Bahati alifuata nyuma na mfuko wake, begani hana tena mkono wa mtu. Mzee akafika kwenye matofali, fimbo ikayagusa, akakata kushoto.

"Kushoto... geuka!" akanguruma Mama Bahati, mzee akiwa ameshageuka.

Afande akasimama. "Nani amekupa cheo?" akauliza.

"Nimejipa mwenyewe!"

Mzee akacheka mpaka akaegemea fimbo, na kijiji kizima, kilichokuwa kimenyamaza kwa heshima miaka minne, kikacheka naye. Kwenye bajaji alikaza uso tena. "Mama Bahati. Unapewa likizo ya siku kumi na nne."

"Afande, naomba thelathini."

Alipapasa hewani mpaka akaupata mkono wake, akaushika. "Umepewa," akasema. "Mjukuu akifika nipigie. Nitapokea mwenyewe."

Nilichojifunza nimekiandika kwenye fomu mpya nilizopeleka ofisini. Kabla ya kuuliza mtu ana tatizo gani la macho, sasa tunauliza alikuwa na cheo gani, na nani hapaswi kumfundisha. Mkubwa wangu aliuliza hilo lina uhusiano gani na macho. Nikamwambia apande meli akaulize mwenyewe.

Kwenye meli ya kurudi tumbo halikunisumbua, au labda sikupata nafasi ya kulisikiliza. Mama Bahati aliniegemea bandari ya Nansio ikiwa bado inaonekana, akalala mdomo wazi, akikoroma bila aibu. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka minne alilala na sikio moja limeamka. Baharia akapita akikagua tiketi, akanyoosha mkono kumgusa bega.

"Muache," nikamwambia. "Yuko likizo."